Pindo Lililochomekwa

Doti ya kanga hutoka dukani ikiwa kitambaa kimoja kirefu. Ukipitisha mkasi katikati unapata kanga mbili, na kila moja inabaki na ncha mbichi ambayo nyuzi zake hazijashikwa na kitu. Bibi hakubali kanga ilale usiku mmoja katika hali hiyo. Novemba iliyopita nilimpelekea doti kutoka Masasi mjini, na kabla sijamaliza kunywa maji niliyopewa, alikwisha kaa barazani, miguu kainyoosha, anakunga upindo. Macho yake hayalioni tena tundu la sindano. Nilimtungia uzi, yaliyobaki vidole vyake vinayajua.

Ni Lupaso, kwenye mikorosho. Novemba kwetu ina kazi mbili. Korosho zinadondoka: zinaokotwa, zinatenganishwa na mabibo, zinaanikwa, zinatiwa magunia na kupelekwa chama cha msingi kupimwa. Na kwa sisi Wakatoliki ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Makaburi hupaliliwa, misalaba hupakwa chokaa, majina hutajwa. Nilikwenda kwa ajili ya makaburi, nikaangukia kwenye korosho, na jioni nikakaa kumtazama Bibi akishona. Ni upindo ule ninaotaka kuuandika, pamoja na jambo ambalo nimelifundisha miaka mingi bila kulisikia moyoni hadi jioni ile.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Darasani kwangu aliwahi kusimama msichana mkimya, mmoja wa wale ambao huuliza mara moja kwa muhula, akasema: "Mwalimu, seli inajuaje kwamba sasa inatosha?" Tulikuwa tumefika kwenye ncha za kromosomu. Nilimpa jibu la kitabu. Lilikuwa sahihi, naye aliliandika, akaketi. Lakini niliona usoni kwake kwamba aliuliza kikubwa kuliko alichojibiwa.

Ndani ya seli ya mtu mna kromosomu 46, na kila moja ni uzi mrefu wa DNA wenye ncha mbili. Ncha 92, basi, katika kila seli, na kila ncha ina shida ileile ya kanga iliyokatwa. Tena kwa seli ni shida ya hatari zaidi, kwa sababu seli ikikuta ncha ya DNA iliyo wazi hudhani uzi umekatika, nayo hukimbilia kuunga. Ikiunga ncha ya kromosomu hii na ya ile, siku seli itakapogawanyika uzi utavutwa huku na huku hadi ukatike, halafu utaungwa tena, halafu utakatika tena. Barbara McClintock aliyaona haya kwenye mahindi, huko Marekani, miaka ya 1930 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Hermann Muller naye, aliyekuwa akivunja kromosomu za nzi wadogo wa matunda kwa eksirei, aliona kwamba vipande vilivyovunjika hushikana ovyo, ila ncha za asili hazishikani na chochote. Zina kitu. Mwaka 1938 akazipa jina kwa maneno mawili ya Kigiriki, la mwisho na la sehemu: telomea, sehemu ya mwisho.

Baadaye ilijulikana kwamba ncha hiyo imeandikwa neno moja fupi lililorudiwa maelfu ya mara. Kwa binadamu lina herufi sita, TTAGGG, TTAGGG, TTAGGG, kama mtu anayesali rozari na kurudia sala ileile punje baada ya punje. Halielezi namna ya kutengeneza jicho wala damu. Kazi yake ni kuwepo pale mwisho, liliwe badala ya maneno mengine. Maana kila seli inapogawanyika, mitambo inayonakili uzi haiwezi kufika kwenye ncha kabisa, na herufi kati ya 50 na 200 hupotea. Miaka inakwenda, ncha inafupika, na ikifika kiasi fulani seli inaacha kugawanyika. Seli haifi siku hiyo. Inatulia tu, kama mzee anayebaki nyumbani wenzake wanapokwenda shamba.

Yupo fundi anayeweza kuirefusha. Carol Greider, mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn huko Berkeley, aliiona kazi ya fundi huyo kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi ya mwaka 1984, alipokwenda maabara kutazama majibu wakati wengine wakiwa kwenye sikukuu. Ni kimeng'enya, wakakiita telomerasi. Mwaka 2009 wanawake hao wawili pamoja na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel. Habari za fundi huyu zimeenea sana, hata yapo matangazo ya vidonge yanayoahidi kumwamsha ili mtu asizeeke. Mimi moyo wangu uko kwa wengine, wale wasiotajwa sana.

Ni protini sita. TRF1 na TRF2 hujibana moja kwa moja kwenye uzi, palipoandikwa neno lile la herufi sita. POT1 hushika kipande chembamba cha mwisho kabisa, pale uzi unapobaki mmoja bila mwenzake. TPP1 humshika POT1. TIN2 anakaa katikati akiwaunganisha wote, na RAP1 anamwegemea TRF2. Titia de Lange, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ambaye ametumia maisha yake kuwatafuta hawa, aliwaita wote pamoja shelterini, yaani wanaohifadhi. Mwaka 1999 yeye na Jack Griffith walizitazama ncha hizi kwa hadubini ya elektroni, wakakuta hazikunyooka kama ncha ya kamba. Zimejikunja. Ncha inarudi nyuma, inapenya katikati ya uzi wake wenyewe na kujificha humo, na TRF2 ndiye anayesaidia kuikunja.

Nilipokuwa nikimweleza Bibi hili, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza, alisimama kufuata mkasi. Kanga yake ililegea kidogo. Akafanya kile ambacho kila mwanamke wa pwani na bara hukifanya mara ishirini kwa siku bila kufikiri: akashika pindo, akalizungusha, akalichomeka ndani ya kanga yenyewe, kifuani. Hakutumia pini wala mshipi. Kanga inashikwa na kanga. Nilinyamaza. Picha ile ya hadubini nimeichora ubaoni mara nyingi kwa chaki, na kumbe mkono wangu mwenyewe ulikuwa ukiichora kila asubuhi ninapotoka bafuni.

Nikafikiri pia juu ya kaburi la Mzee Mkapa. Mwaka uleule wa 1938 ambao Muller alizipa ncha jina, tarehe 12 Novemba, Benjamin William Mkapa alizaliwa hapa Lupaso. Sijengi hoja juu ya miaka kulingana. Lakini mtu huyu alitoka hapa akasoma Ndanda, akasoma Pugu, akafika Makerere, akawa mhariri, balozi, waziri, Rais wa awamu ya tatu kwa miaka kumi, na tarehe 29 Julai 2020, akiwa ametimiza miaka 81, alirudishwa kwenye udongo wa kijiji hikihiki. Uzi mrefu kiasi hicho, na ncha yake ikaja kuchomekwa pale ulipoanzia. Wapo wanaoona ni hasara mtu mkubwa kulazwa mbali na mji mkuu. Mimi kila nikipita huona amehifadhiwa.

Sasa narudi kwa swali la msichana wangu: seli inajuaje kwamba inatosha?

Mwaka 1997 Bas van Steensel na Titia de Lange walichukua seli za saratani, ambamo fundi telomerasi yuko kazini muda wote, wakaziongezea TRF1. Mtu angetazamia kwamba ukiongeza walinzi, ncha itanawiri. Ilifupika, polepole, kizazi hadi kizazi cha seli. Kisha wakafanya kinyume: wakatumia TRF1 yenye kasoro inayowabandua wenzake kwenye uzi. Ncha ikarefuka. Mwaka huohuo Stéphane Marcand, Eric Gilson na David Shore walikuwa wakiishughulikia hamira, hii hii ya mandazi, ambayo nayo ina mlinzi wake wa ncha aitwaye Rap1. Waliweka karibu na ncha vituo vya ziada vya kukalia walinzi. Hamira ikavihesabu vituo vile kana kwamba ni sehemu ya ncha, na ncha ya kweli ikafupika kwa kiasi kinacholingana. Kumbe seli haiupimi urefu kwa rula. Inahesabu walioketi.

Fikiria nyumba yenye msiba. Jamvi limetandikwa kuanzia mlangoni kuingia uani, na waombolezaji wanakuja kukaa mmoja mmoja. Kuna mtu kazi yake ni kuongeza majamvi. Jamvi likiwa fupi na waliokaa wakiwa wachache, anapita bila shida, anafika mwisho, anaongeza jingine. Kadiri jamvi linavyorefuka, ndivyo wanavyopata nafasi wengi zaidi, bega kwa bega, na kadiri wanavyojaa ndivyo anavyokosa pa kupita. Hakuna aliyempigia kelele. Hakuna mwenye nyumba aliyesimama na kusema basi. Wingi wa waliokaa ndio neno lenyewe. Wakipungua, njia inafunguka tena. Hivyo ndivyo kila ncha, kwa nafsi yake, isivyozijua ncha nyingine 91, inavyokaa kwenye kiasi chake.

Na wa mwisho kwenye jamvi, POT1, aliyeshika ule uzi mwembamba, ndiye anayemkatalia fundi. Lakini mwenzake aliyemshika mkono, TPP1, ndiye pia anayemwita fundi aje. Nimelisoma hili mara nyingi nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kundi moja linaita na kuzuia, na la ajabu zaidi kwangu, kundi hilohilo linalozuia ncha isirefuke ndilo linaloifunika isionekane kama jeraha. Mlinzi na mpaka ni mmoja.

Nimekuwa mtu wa kusali tangu utotoni, na sala yangu kwa ajili ya Bibi imekuwa ileile: Mungu amwongezee siku. Amwongezee tu. Sikuwahi kuweka kiasi, nilidhani kuweka kiasi ni upungufu wa imani. Ulinzi wa Mungu niliuweka upande mmoja na mpaka wake upande mwingine, kama vile ulinzi ni wake na mpaka ni wa adui. Jioni ile barazani niliona kwamba sijawahi kuuona ulinzi usio na mpaka, hata ndani ya mwili wangu mwenyewe. Ukuta wa nyumba ni mwisho wa nyumba. Upindo wa kanga ni mwisho wa kanga, na ukiufumua kwa kutaka kanga ndefu, huongezi hata shubiri moja, unapata nyuzi.

Wapo watu ambao ndani yao mlinzi huyu ni dhaifu. Mwaka 2014 ilielezwa habari za familia ambazo POT1 yao ina kasoro ya kurithi. Ncha zao ni ndefu kuliko za watu wengi. Kwa wale wauza vidonge wangekuwa watu wa kuonewa wivu. Wanapata saratani ya ngozi, ile kali ya melanoma, wazazi na watoto, kwa kuwa seli iliyopaswa kutulia imepewa ncha ya kuendelea. Na wapo wa upande wa pili, ambao ncha zao ni fupi mno tangu kuzaliwa: uboho wao unachoka mapema, mapafu yanakakamaa. Kwa hiyo sisemi kwamba kufupika ni kuzuri. Nasema kwamba kipo kiasi, na kwamba kiasi hicho kimeshikwa na mikono midogo kuliko tunavyoweza kuwaza, tangu kabla hatujajua kuomba.

Hapa ndipo ninapoumia, na sitaki kupita haraka.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa hapa Tanzania. Walipima telomea za watu wazima 1,818 wa Tanzania, Ethiopia, Kamerun na Botswana. Wasani wa Botswana, ambao kwa asili ni watu wa kuwinda na kuokota, ndio waliokuwa na ncha ndefu zaidi. Na kwa ujumla, watu wa maeneo yenye malaria nyingi walikuwa na ncha fupi zaidi. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba hili ndilo lililozaa lile. Tena ilikwisha onekana kwamba kwa wastani telomea za Waafrika ni ndefu kuliko za Wazungu, hivyo mtu asikimbilie kusema tuna uzee wa haraka. Lakini sababu inayodhaniwa inaeleweka na kila mama wa Mtwara: malaria huharibu damu, na uboho hulazimika kutengeneza nyingine, na nyingine, na nyingine. Kila kutengeneza ni kugawanyika. Kila kugawanyika ni uzi kidogo kupotea kwenye pindo.

Mkoa wetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini. Niliposoma utafiti ule sikufikiri namba. Nilifikiri usiku wa utotoni, nikitetemeka chini ya kanga mbili za Bibi, na mkono wake kwenye paji langu. Homa zile zilipita. Kumbe zilihesabiwa.

Na nilimfikiri mtoto wake wa kwanza, kaka wa mama yangu, ambaye angekuwa mjomba wangu mkubwa. Kwetu kusini, Wamakua, Wamakonde, Wayao, ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba si mtu mdogo. Huyu alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Ncha zake zilikuwa ndefu bado. Hapakuwa na mlinzi aliyesema inatosha; ulikuwa ni mkasi. Siwezi kumwingiza mtoto yule katika picha yangu ya jamvi na kiasi, na nimekataa kujaribu. Mbele ya kaburi lake dogo nina sala moja tu, na haina maneno.

Bibi ni mzaa mama, na huniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nilimwambia jambo jingine jioni ile, nikijua atalipenda. Nilimwambia kwamba yai lililokuja kuwa mimi lilianza kuumbwa ndani ya mama yangu wakati mama yangu mwenyewe alikuwa bado tumboni mwake. Kwa hiyo alinibeba. Alibeba mimba mbili kwa miezi ile, moja ndani ya nyingine. Na nikamwambia kwamba katika siku za mwanzo kabisa za mimba, kabla mama hajajua, fundi yule anayezuiwa miaka yote anaachiwa njia, na ncha zinarefushwa upya. Mtoto hazaliwi na uchakavu wa mama yake.

Bibi alikata uzi kwa meno. Akaukunjua upindo, akautazama kwa vidole, akasema, "Ndiyo maana tukakupa jina la yule. Tulijua unaanza."

Asubuhi tulikwenda makaburini na majembe, fagio na ndoo ya chokaa. Kila mwaka Bibi huhesabu. Hahesabu kwa namba. Huhesabu kwa majina, akianzia kwa mama yake, hivyo jina la kwanza kutajwa ni langu. Hulisikia likitajwa juu ya msalaba nikiwa nimesimama pale na jembe, na sijalizoea. Akataja mume wake, dada zake wawili, mjomba wake, mtoto wa miaka minne, mama yangu. Kwa kila jina anatulia kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa, kisha anasogea. Mimi nafuata nyuma nikipalilia. Majani ya Novemba ni makavu na yanang'oka kwa urahisi. Mvua zilikuwa hazijafika.

Tulipomaliza kaburi la mama yangu nilidhani tumefika mwisho, nikaweka jembe. Bibi alikuwa bado anatembea. Alipita kaburi kwa hatua tatu, akasimama penye nyasi tupu, pasipo na msalaba wala kifusi, karibu na mkorosho. Akalichomeka pindo la kanga yake mpya vizuri, akainama, akaanza kuokota vijiti.

"Hapa napo fagia, mama," akasema.

Nikafagia.